Neno Ambalo Mama Dorka Hakulifuta

Mwalimu,

Nimekaa kwenye ngazi za kanisa, mzigo wangu uko miguuni, na hata kabla sijamaliza mstari huu nimeshasimama mara kadhaa bila sababu. Nasimama, natazama barabara inayotoka Homa Bay, narudi kukaa. Ulikuwa ukisema nina siafu ndani ya sketi. Siafu hao hawajaondoka. Tangu tukuzike wameongezeka, hata ugali nakula nimesimama, na mke wako Mama Dorka amenigombeza kwamba anayekula wima anajaza miguu, hajazi tumbo.

Nilitaka kuanza na habari unayoingoja. Halafu nikakumbuka kwamba hungoji kitu. Bado sijazoea, Mwalimu. Nikitoka sokoni najisemea, hili nitamwambia Mwalimu, nalipanga vizuri kichwani, nalitia chumvi kidogo, na nikifika nyumbani kwako naliona kaburi kwanza. Kwa hiyo habari zimenijaa. Leo nazitoa zote, kwa sababu basi likija naondoka hapa, na sijui nitarudi lini.

Tangu ufe hakuna mtu anayetuachia sentensi nusu. Walimu wote wa nchi hii huacha neno la mwisho darasa limalizie, lakini wewe uliacha hata nje ya darasa. Ulikuwa ukikaa mezani unasema, "Robi, leo sijapata…" kisha unanyamaza na kunitazama mpaka niseme chai. Sokoni ulimwambia mama mmoja, "Huyu samaki wako ameanza ku…" na yule mama akakujibu, "Kunuka? Mwalimu, unanitukana mbele ya wateja?" Kanisani ulitangaza kwamba Jumapili ijayo wanaume wote waje na ma… Wanawake wakamalizia kwa sauti kubwa, "Majembe!" Wanaume walikuwa wanaisoma dari.

Watu waliniuliza kama ulikufa na sentensi nusu mdomoni. Walitaka iwe hivyo, wapate hadithi. Niliwaambia ukweli. Kile kifua kilipokuzidi ulisema, "Leteni maji," ukanywa, ukashukuru, ukalala. Sentensi nzima, haikukosa kitu. Okumu alisikitika sana kusikia hivyo. Alisema mvuvi kama yeye angekufa na maneno mazuri zaidi.

Nakumbuka siku uliyonipata, pale Uriri, nikiwa kwa shangazi namsaidia kuuza vitambaa. Nilikuwa nimemaliza darasa la nane kwetu Ntimaru na hakuna aliyejua anifanyie nini. Ulikuwa umetoka kufundisha shule za misheni, umeanza kazi ya ngumbaru baada ya Uhuru, unatafuta kijana wa kukusaidia kuwafundisha watu wazima Kiswahili. Hukuniuliza cheti. Ulichukua gazeti kuukuu alilofungia shangazi vitambaa, ukaweka kidole gumba juu ya neno moja, ukaniuliza chini ya kidole kuna nini. Nikakujibu kwa kiburi kwamba mimi si mganga. Ukasema, "Usitazame kidole, nyathina, mwanangu. Tazama majirani."

Nilikasirika. Nilidhani wewe ni mmoja wa wale wachezesha karata wa soko la Migori. Lakini nikasoma. Kabla ya kidole kulikuwa na wakulima waliopanda mapema, baada ya kidole kulikuwa na "haikunyesha". Nikasema, mvua. Ukainua kidole na mvua ilikuwa pale, nyeusi, imeandikwa. Hata leo nikikumbuka nasikia ule moto kifuani. Shangazi naye alikuuliza kama unanunua kitambaa au la.

Hiyo ndiyo ilikuwa dawa yako ya kila kitu. Neno lisilojulikana lina majirani, na majirani hawanyamazi. Soma sentensi yote kabla ya kujibu. Soma iliyotangulia na inayofuata. Angalia vile vineno vidogo ambavyo watu huviruka: ukiona "kwa hivyo" endelea mbele moja kwa moja, ukiona "lakini" kuna kona, shuka baiskeli. Ulilisema hilo la baiskeli mpaka wazee wakawa wanakanyaga breki chini ya benchi.

Unaikumbuka ile sentensi ya Okumu? Uliandika ubaoni: "Otieno alivua samaki wengi, lakini watoto wake walilala…" Ukangoja. Ulitaka njaa. Okumu akasema walilala vizuri sana, wameshiba. Ukamwonyesha ile "lakini". Akasema ameiona, ila yeye anamjua Otieno, na mkewe ndiye anayewalisha watoto kila siku, kwa hivyo samaki wawe wengi au wachache, watoto watalala wameshiba. Otieno alikuwa amekaa benchi la nyuma. Darasa liliisha hapo hapo.

Na ile yangu, mliyonionea. Nilitunga mimi mwenyewe, nikajivunia: "Usiku ng'ombe wa Mwita walivuka mpaka, kwa hivyo asubuhi Mwita alikuwa…" Nilitaka maskini. Darasa zima la Wajaluo likajibu kwa pamoja, "Tajiri!" Kisha wakacheka mpaka mbuzi wa kanisa wakakimbia, kwa sababu mimi ni Mkuria na kwao Mkuria na ng'ombe wa usiku ni kitu kimoja. Nilikaribia kutupa chaki. Wewe hukucheka. Ulisema, "Robi, sentensi yako haijasema ng'ombe walivuka kwenda upande gani. Umewanyima majirani, umewaachia mawazo yao." Nilikasirika kwa siku nyingi. Ulikuwa na haki, na sikukuambia. Basi nakuambia.

Sasa nikueleze ulivyozikwa, maana najua ungetaka kujua nani alifanya nini.

Watu walijaa mpaka ukingoni mwa shamba. Kwaya iliimba, mchungaji alisoma, mimi nilikuwa nimeshika kitabu cha nyimbo karibu na ghala, nimevaa viatu vyeusi vilivyonibana. Halafu nikasikia vishindo. Shemeji yake Mama Dorka, ndugu yako Elisha, alikuwa mbele, ana mkuki na jani la mti kichwani, na nyuma yake ng'ombe, na nyuma ya ng'ombe wanaume wa ukoo wote, wanapiga kelele, wanakimbia moja kwa moja kuelekea kwetu. Mwalimu, mimi nimezaliwa Ntimaru. Kwetu ukiona ng'ombe wanakimbia na wanaume wenye mikuki nyuma yao, maana yake ni moja tu. Nilijibanza nyuma ya ghala pamoja na kitabu changu cha nyimbo.

Okumu ndiye aliyenipata. Alikuwa anatoka jasho, anahema, machozi yamemjaa. Akaniambia, "Robi, toka huko. Hii ni tero buru. Tunafukuza kifo, tunaipeleka ziwani." Nikatoka, nikasimama. Walizunguka nyumba, wakapiga mikuki hewani kana kwamba adui wanamwona, wakateremka na ng'ombe mpaka majini, wakarudi wakicheza. Wanawake nao walikimbia. Mama anayeuza samaki alikimbia na mtoto mgongoni. Mzee wa kanisa alitazama upande mwingine, lakini nilimwona mguu wake unavyopiga chini. Mama Dorka alikuwa amekaa mlangoni akawatazama wote mpaka wa mwisho akapita. Nyasi zote za uwanjani zililala chini.

Mimi peke yangu sikukimbia. Nilikuwa mgeni, sikujua kama inaruhusiwa, na viatu vilinibana. Nilinyamaza tu.

Baadaye Elisha alikuja kukaa na Mama Dorka kuzungumza mambo ya baadaye. Unaijua desturi yenu kuliko mimi. Elisha si mtu mbaya. Alisema wazi kwamba nyumba ya kaka yake haitakaa bila mwanamume, na kwamba yeye yuko tayari kuichukua, mke na nyumba pamoja, na atamlisha. Mama Dorka akamwambia amsubiri. Kwangu akasema lingine. Alisema amekula jasho lako miaka yote kwa hiari yake, na hatakula la mtu mwingine kwa sababu ya njaa. Atakula kwa mikono yake.

Mikono ilikuwepo. Kilichokosekana ni cheti. Bwana Athumani, afisa wa elimu ya watu wazima pale Homa Bay, mtu wa pwani, alikuwa amenitumia salamu kwamba Kehancha wanataka mwalimu anayejua Kikuria na mimi ndiye ninayetakiwa. Lakini akasema nikiondoka hapa na hakuna mwenye cheti cha Kiswahili cha kushika darasa, darasa litafungwa. Mama Dorka anasoma Biblia ya Dholuo tangu ubatizo wake, na Kiswahili ulimfundisha wewe, darasani na jikoni. Wenzake wana nyavu na masoko yao, hakuna aliyekubali kushika chaki kila siku. Akipata cheti, darasa ni lake na posho ni yake, na Elisha atabaki shemeji. Akikosa, darasa linakufa na yeye anaingia mkononi mwa Elisha. Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa mtihani ulipokuja.

Halafu ikatokea taabu ya mahali, maana darasa letu hukaa kanisani. Mama Dorka alikuwa bado kwenye chola, amevaa lile koti lako la kijivu, na mjane wa namna hiyo haingii nyumba ya watu wala hakai na watu kanisani mpaka amalize maombolezo. Elisha alisema hilo kwa upole lakini alilisema. Wazee nao wakaitikia. Nikazunguka kijiji kizima nikibishana. Nikamwambia mchungaji kanisa si nyumba ya mtu. Akasema ni kweli, lakini watu wataondoka akiingia, na mtihani utafanywa na nani? Mwisho Okumu akakuna kichwa akasema, "Yeye haendi kwa watu. Lakini nani amekataza watu kwenda kwake?"

Basi tulibeba mabenchi. Ungefurahi kuona. Watu wazima wa kijiji wakipita njiani na mabenchi ya kanisa kichwani, kila mmoja na penseli sikioni. Tukayapanga uwanjani kwako, wakakaa wamekutazama wewe. Sikuwa na pengine pa kuyaelekeza, jua lilikuwa nyuma. Kaburi lako lilikuwa mbele yao kama ubao. Mama Dorka alikaa mlangoni, karatasi juu ya sinia.

Mtihani ulikuwa wa kujaza nafasi, hasa ule ulioupenda. Nikawaona wanafanya ulivyowafundisha, wanasogeza kidole, wanasoma mpaka nukta, wanarudi nyuma. Kwenye "lakini" nikamwona Okumu anakanyaga breki. Nilitembea katikati yao huku na huku mpaka mama mmoja akaniomba nikae, namtia kizunguzungu.

Swali la karibu na mwisho lilikuwa hili: "Mzee wa nyumba akifariki, watu wa nyumbani kwake…" Na maneno ya kuchagua yalikuwa hucheka, hunyamaza, hukimbia, hulala.

Mimi nililisoma nikaona ni jepesi, nikapita.

Bwana Athumani alikuja mwenyewe kurudisha karatasi, na uso aliokuja nao nilijua si wa kuleta vyeti. Tulikuwa kanisani. Akanyanyua karatasi moja, akanyanyua ya pili, akaendelea, na kila moja ilikuwa na alama nyekundu mahali pale pale. Darasa zima liliandika hukimbia. Akasema kwa ile sauti yake ya taratibu, "Mtu mmoja akikosa, amekosa. Watu wote wakikosa neno lile lile, wamenakiliana." Akasema hatatia sahihi cheti hata kimoja, na darasa litafungwa kwa aibu.

Mwalimu, nilichemka. Nilitaka kumbishia, lakini mimi mwenyewe nilikuwa sijaelewa. Nilidhani ni kweli wamenakiliana. Niliwatazama watu wetu nikaona aibu kwa niaba yako.

Kisha akasema atawapa nafasi. Kila mtu arudishiwe karatasi yake na arekebishe lile neno mbele yake, bila msaada. Anayejua jibu atalijua. Wakarekebisha wote, kwa haraka, hata kabla sijafika kwao na kifutio. Wengine walifuta kwa mate na kidole. Okumu alimrudishia afisa karatasi akamwambia, "Bwana, kumbe ulikuwa unataka ya kwenu? Si ungesema."

Bwana Athumani hakuelewa. Mimi ndipo nilipoelewa. Niliona ng'ombe, niliona nyasi zimelala, niliona wale watu kwenye mabenchi wamekabili kaburi lako na sentensi mkononi. Walisoma majirani, Mwalimu. Walifanya ulivyosema.

Ikabaki karatasi ya Mama Dorka. Tukaenda na afisa mpaka nyumbani kwake. Alikuwa mlangoni anachambua mtama, koti lako limemfunika mpaka magotini. Afisa alimsalimu kwa heshima, akampa karatasi, akamweleza. Mama Dorka akaitazama, akasema, "Bwana, hiyo jibu yako naijua. Ni ile ya kunyamaza. Mimi si mjinga."

Afisa akamwambia, "Basi liandike, mama."

Akasema, "Nikiandika hiyo, hawa watu walikimbia hapa watakuwa wamefanya nini?"

Akamrudishia karatasi yake na kuendelea na mtama. Bwana Athumani aliitazama ile karatasi, akalitazama kaburi, akakunja karatasi akaitia kwenye mkoba. Wengine wote walipata sahihi. Mama Dorka hakupata.

Nilipobaki naye tuligombana, na nilianza mimi. Nilimwambia ni neno moja tu. Aandike hunyamaza, apate cheti, kisha akimbie akitaka mpaka Kisumu. Nilimwambia anajipeleka kwa Elisha kwa mikono yake, na wewe ungemwambia aandike. Nilisema kwa sauti, Mwalimu, mbele ya kaburi lako, kwa mtu aliyenipikia tangu nifike hapa. Yeye hakupandisha sauti. Aliniuliza, "Robi, wewe ulimzika nani?"

Nikasema, Mwalimu.

"Ulimzika namna gani?"

Niliondoka. Nilizunguka ufukweni mpaka kiatu kikakatika, nikarudi nikajilaza na sikulala. Asubuhi nikapanda lori la samaki kwenda Homa Bay bila kuaga mtu.

Njia nzima nilitunga hotuba. Nilitunga ya kuomba, nikatunga ya kutukana, nikachagua ya kutukana. Nikafika ofisini kwake nanuka samaki, nikamkuta anakunywa chai, na hotuba yote ikapotea. Nikamwambia tu: Bwana, mtihani ule tuliufanyia kando ya kaburi. Kisha nikamweleza yote, chola na mabenchi, na jinsi ulivyokimbiziwa ng'ombe. Nilimwambia hata habari ya ghala. Nikamuuliza, kwa hasira iliyobaki, ile sentensi waliitoa kwenye kitabu gani.

Akaweka kikombe chini. Akasema hakuna kitabu. Aliitunga yeye.

Alisema baba yake alikufa yeye akiwa huku bara kazini, na alipofika kwao maziko yalikuwa yamekwisha siku hiyo hiyo, kama ilivyo kwao. Aliingia mtaani na mtaa mzima ulikuwa kimya. Wauza kahawa hawakugonga vikombe. Watu walisimama milangoni wakainamisha vichwa alipopita, mpaka kwao. Alisema hajawahi kusikia kimya cha heshima kama kile. "Nilipokuwa natunga mtihani," alisema, "lile neno lilikuja lenyewe. Sikudhani kuna mtu duniani anayeweza kulikosa."

Tukakaa. Hata mimi nilikaa, Mwalimu. Kwa mara ya kwanza tangu ufe nilikaa kwenye kiti na sikuona haja ya kuinuka.

Akaniuliza nani hukimbia mbele. Nikamwambia ndugu wa marehemu. Akauliza kama mjane naye hukimbia. Nikamwambia hapana, alikuwa amekaa mlangoni. Kisha akasema, "Wale wenzake walibadilisha upesi mno, sikuweza kujua nani anajua na nani amenakili. Lakini aliyenakili neno hana sababu ya kulipigania. Huyu mama amewatetea darasa zima, na hakuja kuniomba kitu."

Akatoa karatasi kwenye mkoba. Ile alama nyekundu hakuifuta. Alisema swali lake amelikosa na litabaki limekosewa, lakini kosa moja halimwangushi mtu. Akaandika cheti, akatia sahihi na muhuri. Halafu akanitazama na kusema sasa sina kisingizio, Kehancha wanangoja.

Nilimpelekea Mama Dorka nikiwa nimeomba msamaha njia nzima kwenye lori, mpaka utingo akadhani naongea naye. Alikisoma cheti polepole kwa sauti. Kisha akatazama karatasi ya mtihani, akaona ile nyekundu bado ipo.

"Amenikosesha?"

Nikasema ndiyo.

"Sawa," akasema. "Na mimi nilimkosesha." Akaniambia nioge, nanuka.

Elisha alipokuja, Mama Dorka alimwonyesha cheti kabla ya kumkaribisha. Elisha aliuliza, "Sasa shemeji, tutakuita mwalimu?" Akamwambia amwite atakavyo, ila nyumba hii imeshapata mtu wa kuilisha. Elisha amenuna, na kuna wazee wanaonuna naye, na sidhani maneno yameisha. Lakini wanawake wa kanisa walikuja, wakamnyoa nywele, wakaomba, wakaimba, na chola ikamalizika kwa njia hiyo. Koti lako amelifua, amelikunja. Elisha ndiye aliyekuja kulichukua, na alilivaa palepale. Linambana mabegani.

Leo asubuhi Mama Dorka ameingia kanisani kufundisha. Yuko ndani sasa hivi ninapoandika. Nasikia chaki. Ameandika sentensi na kuacha nafasi, na hakuwapa maneno ya kuchagua. Kila mtu anataja lake. Okumu anabishana kwa sauti ya mtu aliye ndani ya mtumbwi, na Mama Dorka hamnyamazishi, anamuuliza tu neno lake amelitoa kwa jirani yupi.

Nina uchungu, Mwalimu, sitakuficha. Nilikipigania kile cheti ili Mama Dorka abaki hapa, na cheti hicho hicho ndicho kinachoniondoa mimi. Kesho nitakuwa kwetu, na watu wanaosema lugha yangu, milima yangu, ugali wa wimbi. Nafaa kufurahi. Lakini huko hakuna anayekujua, na nikisema "Mwalimu alikuwa akisema hivi" wataniuliza mwalimu gani. Hilo linanisumbua kuliko safari. Ulinikuta Uriri sina pa kwenda, ukaniamini na chaki, na sikukushukuru vizuri kwa sababu nilidhani muda upo. Ero kamano, Mwalimu. Asante. Nimeliandika kwa lugha mbili usije ukasema sentensi yangu ina upungufu.

Vumbi la basi naliona kule kwenye kona. Oriti, kwaheri. Kaa salama hapo mlangoni pa mke wako, tumekuacha na watu wazuri. Mimi nakuahidi jambo moja. Huko Kehancha, siku darasa langu litakapokosa neno lote kwa pamoja, sitaanza na kalamu nyekundu. Nitawauliza kwanza walimzika nani, na walimzika namna gani.

Mwanafunzi wako,
Robi